Mzazi mkali wa alama na mzazi mwenye msimamo: uchague kuwa yupi?

Mzazi anayetaka mtoto wake afaulu huambiwa achague moja kati ya mawili: awe mkali mtoto afike mbali, au awe mpole na aridhike na mtoto wa wastani. Ukibisha, unatupiwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ina ukweli wake, maana mtoto asiyewahi kukatazwa kitu hupata tabu ukubwani. Lakini uchaguzi wenyewe umewekwa vibaya. Wapo wazazi wenye masharti magumu ambao watoto wao wametulia, wanasoma kwa bidii, na wakikwama wanarudi nyumbani kuomba msaada. Wapo wengine wenye masharti yaleyale na saa zilezile za kusoma, na watoto wao wanafaulu huku wakitetemeka. Wakishajitegemea hawapigi simu nyumbani ila kwa lazima.

Wingi wa masharti hauelezi tofauti hiyo. Kinachoieleza ni kile mtoto anachoogopa kukipoteza akishindwa. Katika nyumba ya kwanza, akishindwa anapoteza alama. Katika ya pili, akishindwa anampoteza mzazi, walau kwa siku kadhaa. Ulinganisho huu wote unazunguka hapo, kwa sababu mzazi akishaliona jambo hilo halazimiki tena kuchagua kati ya mtoto aliyefaulu na mtoto aliye mzima moyoni.

Makundi yenyewe

Mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiye aliyeyapanga malezi katika makundi matatu yanayotajwa hadi leo, kwa maandishi aliyoanza kuyatoa miaka ya 1960. La kwanza ni malezi ya amri: mzazi anadai mengi, anaeleza machache, na anataka utii usio na maswali. La pili ni malezi ya msimamo: anadai mengi vilevile, ila anaeleza sababu, anasikiliza, na habadilishi sheria eti kwa kuwa mtoto amelia. La tatu ni malezi ya kuachia, yenye upendo mwingi na masharti machache. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin waliongeza la nne, la mzazi asiyedai wala kujali. Hilo siliweki kwenye mizani. Hakuna anayelichagua kwa kukusudia.

Maccoby na Martin waliyapima makundi hayo kwa mambo mawili: mzazi anamdai mtoto kiasi gani, na anamwitikia kiasi gani. Mzazi mkali wa alama, yaani yule wa malezi ya amri, yuko juu kwenye kudai, chini kwenye kuitikia. Mwenye msimamo yuko juu kote kuwili. Kwa hiyo jirani akiwatazama kwa nje atawaona wamefanana: wote wanazima televisheni, wote wanakagua madaftari, wote wanakataza matembezi ya usiku. Wanaachana njia siku mambo yanapokwenda mrama.

Jioni ya ripoti

Mtoto wa miaka 12 amerudi na ripoti. Muhula uliopita alikuwa wa tatu, sasa ni wa tisa. Hisabati imeshuka, lugha imepanda, mengine yako palepale. Amesimama karibu na mlango, begi bado liko mgongoni, anakunjakunja pembe ya karatasi.

Mzazi mkali wa alama anaipitishia macho na kutua kwenye hisabati. "Hii ni nini?" Mtoto kimya. "Nakuuliza, hii ni nini? Huyo wa kwanza ana vichwa viwili?" Lugha iliyopanda haitajwi. Yanafuata masimango: ada, kuamka alfajiri kwa ajili yake, mtoto wa fulani asiye na hata nusu ya anachopewa yeye. Kisha hukumu: mpira basi, simu basi, mpaka muhula ujao. Chakula cha usiku kinaliwa kimya, na kesho yake mtoto akisalimia anaitikiwa kwa midomo tu.

Mwenye msimamo naye hakufurahi, na hajifanyi amefurahi. "Hisabati imeshuka sana. Kaa hapa tuitazame." Anaomba karatasi ya mtihani wenyewe, maana ripoti haisemi mtoto amekosa nini. Wanakuta maswali ya sehemu na desimali yote yamekosewa, mengine karibu yote yako sawa. "Hapa ulianza kuachwa lini?" Mtoto anasema wakati somo hilo linafundishwa alikuwa mgonjwa, na aliporudi aliona aibu kuuliza. "Sawa. Kuanzia kesho, nusu saa ya sehemu kabla ya mpira. Na mwalimu nitaongea naye. Lugha umepanda, nimeona." Mpira umebaki. Nusu saa nayo haina mjadala. Akinung'unika atanung'unika, na daftari litafunguliwa.

Mzazi wa kuachia anasema, "Usijali mwanangu, alama si kitu," na ripoti inawekwa juu ya kabati. Mtoto anashusha pumzi. Lakini sehemu bado hazijui, na muhula ujao atazikuta tena ndani ya aljebra.

Ukitaka kujua lipi kati ya malezi haya limefundisha, muulize kila mtoto usiku huo amejifunza nini. Wa pili atakwambia tatizo lake ni sehemu. Wa kwanza atakwambia baba amekasirika. Ripoti ileile, na mmoja ameondoka na somo la hisabati, mwingine ameondoka na somo la hofu.

Kinachobaki moyoni

Mwaka 2004 Avi Assor, Guy Roth na Edward Deci walichapisha utafiti kuhusu upendo wenye masharti, yaani mzazi kumchangamkia mtoto anapofanya vizuri na kupoa anapofanya vibaya. Waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu walivyolelewa. Waliolelewa kwa namna hiyo walikuwa kweli wakifanya walichotakiwa kufanya, ila walikifanya kwa msukumo wa ndani unaowabana, kama mtu anayefukuzwa. Wakifaulu, furaha yao ilikuwa ya muda mfupi. Wakishindwa, walijawa aibu na hatia. Na juu ya hayo walikuwa na kinyongo kwa wazazi.

Tulia kwenye lile la kwanza: mbinu hiyo inafanya kazi. Ndiyo maana haiachwi. Mzazi ananuna, mtoto anasoma. Mzazi anaona dawa imekubali. Asichokiona ni kwamba mtoto hasomi kwa kuwa ameona maana ya kusoma, anasoma ili arudishiwe uso wa mzazi. Utafiti huohuo uliwahusisha pia akina mama, na ukaona kwamba waliolelewa kwa upendo wa masharti walielekea kuwalea binti zao hivyohivyo, ingawa wao wenyewe hali yao ya moyo ilikuwa duni. Hili linaniuma kuliko yote. Mtu aliyeumizwa na jambo analirithisha, kwa sababu hajawahi kuona namna nyingine ya kumfanya mtoto asome.

Sauti ya mzazi huyo haibaki sebuleni. Inahamia kichwani mwa mtoto, na mtoto anaanza kujikaripia mwenyewe hata mzazi akiwa hayupo. Utaiona kwa mtoto wa miaka minane anayeandika sentensi moja: herufi imetoka vibaya, anafuta, inatoka tena vibaya, anafuta tena, karatasi inaanza kuota nywele, mwishowe inatoboka. Hapo analia, anachana ukurasa mzima, anaanza upya. Mwenzake kamaliza zoezi. Watu wazima humsifu mtoto huyo kwamba ni makini. Umakini ungemwambia arekebishe herufi na kuendelea. Huyu anaogopa kuonekana amekosea.

Hali ya kutaka kila kitu kisiwe na dosari inazidi. Thomas Curran na Andrew Hill walikusanya takwimu za wanafunzi 41,641 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza kuanzia 1989 hadi 2016. Kilichopanda kwa kasi kuliko vingine ni hisia ya kijana kwamba watu wengine wanamdai awe mkamilifu. Si yeye kujiwekea malengo makubwa. Hilo nalo lilipanda, ila kwa kasi ndogo zaidi.

Wala usidhani wanaoumia ni wanaofeli tu. Mwanasaikolojia Suniya Luthar alifuatilia kwa miaka mingi vijana wa Marekani wanaosoma shule zenye ufaulu mkubwa, wenye kila kitu, na akakuta wasiwasi, sonona na matumizi ya vileo miongoni mwao vikizidi wastani wa nchi. Hawa ndio watoto ambao ripoti zao hubandikwa ukutani.

Basi walau alama zinapanda?

Hili ndilo ngome ya mzazi mkali. Atakubali kwamba mtoto anaumia kidogo, lakini atasema maumivu yatapita na cheti kitabaki. Kama alama zingepanda kweli, hoja ingekuwa nzito.

Su Yeong Kim na wenzake walifuatilia familia 444 za Wamarekani wenye asili ya China kwa miaka 8, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Hizi ni familia ambazo watu wengi walizitaja kama ushahidi kwamba ukali huzaa matunda. Walichokikuta ni kwamba kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wazazi wenye msimamo na ukaribu, si la wakali. Na watoto wa wakali, wakilinganishwa na wa kundi hilo, walikuwa na alama za chini zaidi, dalili nyingi zaidi za sonona, na umbali mkubwa zaidi na wazazi wao. Kwa hiyo mzazi mkali hakununua alama kwa gharama ya moyo. Alilipa gharama na mzigo hakuupata.

Ujerumani nako, Kou Murayama na wenzake walichambua takwimu za wanafunzi 3,530 wa jimbo la Bavaria kati ya 2002 na 2007, upande wa hisabati. Mzazi mwenye matarajio mema alikuwa na mtoto anayepanda. Lakini pale shauku ya mzazi ilipozidi kile ambacho yeye mwenyewe aliamini mtoto anakiweza, mtoto alishuka. Matokeo haya yanaeleza kwa nini kuwa na malengo makubwa hakudhuru, na kwa nini kumsukuma mtoto kwenye lengo ambalo hata wewe huliamini kunamvunja.

Sababu yake haihitaji falsafa. Mtoto anayekokotoa lazima ashike namba mbili tatu akilini kwa wakati mmoja. Hofu nayo inataka nafasi hiyohiyo. Akili ikishughulika na "nikikosa nitaambiwa nini", hakuna nafasi ya kubeba namba. Ndiyo maana mtoto anayefokewa mezani wakati wa hesabu huanza kukosea hata alizokuwa akizipata dakika kumi zilizopita, na mzazi anasema, "Unaona? Unajifanya hujui!" Hajifanyi. Kwa wakati huo kweli hajui.

Nimtaje pia mtafiti Ruth Chao, kwa sababu anasaidia kuona sawasawa. Mwaka 1994 aliandika kwamba wazazi wengi wa Kichina, wakipimwa kwa vipimo vya Baumrind, waliangukia kwenye kundi la amri, na hata hivyo watoto wao walifanya vizuri shuleni. Alieleza kwamba ukali wao ulibeba ukaribu na kujitoa kwa ajili ya mtoto, mambo ambayo vile vipimo havikuyaona. Wanaotetea ukali humnukuu Chao, lakini anachokionyesha ni kwamba ukali uliowafaa watoto hao ulikuja na mzazi aliye karibu. Ukiuchukua ukali ukaacha ukaribu, umechukua kitu kingine.

Kutawala vitendo, kutawala moyo

Kama ningeruhusiwa kumpa mzazi wazo moja tu kutoka kwenye tafiti zote, ningechukua la Brian Barber. Mwaka 1996 alitenganisha aina mbili za udhibiti. Mzazi anaweza kutawala vitendo vya mtoto: saa ya kulala, saa ya kusoma, nani anatembea naye, simu inawekwa wapi usiku. Au anaweza kutawala moyo wake: kumtia hatia, kumwaibisha, kumnyima mapenzi. Udhibiti wa moyo uliendana na huzuni kwa vijana. Kukosa udhibiti wa vitendo kuliendana na utundu na makosa ya nje.

Maana yake kwa nyumba yako: unaweza kuwa mkali sana kwenye vitendo na usiuguse moyo. "Hutoki mpaka zoezi liishe" ni udhibiti wa vitendo, na mtoto atakasirika, na hasira hiyo haimdhuru. "Hutoki, maana watoto wenye akili ndio wanaotoka" umevuka. "Simu inalala sebuleni" ni sheria. "Simu ndiyo imekufanya mjinga" ni tusi lililovikwa sheria. Kumwambia mtoto umehuzunishwa na uongo wake ni haki yako. Kumnunia wiki nzima bila kumwambia kosa ni kumwacha gizani apapase mwenyewe, na mtoto mdogo kwenye giza hilo hupata jibu moja tu: kwamba yeye ndiye mbaya.

Kumlinganisha na mwenzake ndiyo dawa inayotumika zaidi na mbovu kuliko zote. Mtoto anayeambiwa kila siku amtazame kaka yake hajifunzi bidii ya kaka. Anajifunza kumchukia kaka, na kaka naye anajifunza kwamba nafasi yake nyumbani inalindwa na mdogo wake kushindwa. Umewaumiza wawili kwa sentensi moja.

Kuhusu kiboko nitakuwa mfupi kwa sababu ushahidi hauna utata. Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor mwaka 2016 walijumlisha tafiti za miaka 50 zinazohusu watoto 160,927, na hawakukuta kwamba kuchapwa kunaboresha tabia. Kuliendana na ukorofi zaidi, matatizo ya afya ya akili zaidi na uhusiano mbaya na mzazi. Anayemchapa mtoto kwa alama anaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kuna jambo wazazi wakali hawalipigii hesabu, nalo ni uongo. Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha mwaka 2011 utafiti wa watoto wa miaka 3 na 4 kutoka shule mbili za Afrika Magharibi, moja ya viboko na nyingine isiyo na viboko. Mtoto aliachwa peke yake na kitu cha kuchezea, akakatazwa kuchungulia. Wengi walichungulia, kama watoto wowote. Ila wa shule ya viboko walikana zaidi, na walijua kuutunza uongo wao vizuri kuliko wenzao. Adhabu kali haikuwapa uaminifu, iliwapa ufundi wa kuficha. Mtoto wa miaka 15 anayebadilisha alama kwenye ripoti alianza kujifunza zamani.

Sifa nazo zina namna

Mzazi mkali anaposifu, husifu akili: "Wewe ni kichwa!" Anadhani anajenga. Claudia Mueller na Carol Dweck mwaka 1998 waliwapa watoto wa miaka kama 10 mafumbo, kisha wakawasifu kwa sentensi moja tu: baadhi kwa akili, wengine kwa bidii. Waliosifiwa akili wakachagua kazi rahisi baadaye, ili wasiharibu sifa. Walipopewa kazi ngumu wakashindwa, walikata tamaa mapema. Na walipotakiwa kuandika alama zao kwa watoto wasiowajua, karibu 4 kati ya 10 waliongeza uongo. Sentensi moja ya sifa ilitosha kuleta yote hayo. Basi sifu ulichokiona kwa macho: alirudia swali mara tatu, aliuliza mwalimu, alianza mapema.

Usingizi nao niutaje haraka, kwa kuwa ndio wa kwanza kukatwa na mzazi mkali. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Ratiba isiyoacha saa hizo inampunguzia mtoto akili ileile unayotaka aitumie.

Gharama ya kila upande

Malezi ya amri yana faida moja ya kweli: hayachukui muda. Kufoka ni dakika mbili. Kukaa na karatasi ya mtihani, kuuliza, kusubiri mtoto aache kununa, kumfuata mwalimu, kurudia kesho yake, hayo yanamchosha mzazi aliyetoka kazini amechoka. Anayekwambia malezi ya msimamo ni mepesi hajawahi kulea. Yanadai uwe na subira saa ambayo huna, na yanadai ubaki na sheria yako hata mtoto anapolia kwa sauti ya kukata moyo.

Malezi ya kuachia ni matamu mwanzoni na machungu baadaye. Mtoto haogopi mzazi, na hilo ni zuri, lakini mara nyingi hajazoea kujizuia wala kumaliza kitu kigumu. Mzazi aliyelelewa kwa fimbo hukimbilia huku akiapa wanawe hawatapata alichopata yeye. Namwelewa kabisa. Ila mtoto anahitaji mtu wa kumwambia hapana na kubaki amemkumbatia.

Nani achague nini

Mtoto chini ya miaka 7: punguza habari za alama karibu zote. Jenga mazoea, yaani saa ya kulala, kumaliza alichoanza, kurudisha vitu mahali pake. Ukali wa matokeo katika umri huu haumfundishi chochote ila kwamba shule inatisha.

Mtoto anayeshuka ghafla: usiadhibu kabla hujajua sababu. Macho, masikio, kuonewa na wenzake, kutoelewana na mwalimu, ugumu wa kusoma maandishi. Vyote hivi huonekana kama uvivu. Mtoto anayeona herufi zikimchanganya huwezi kumfokea mpaka akasoma.

Mtoto anayejisukuma mwenyewe kupita kiasi: hapa mzazi mwenye msimamo hukaza upande wa pili. Mwambie daftari linafungwa saa tatu usiku, hata kama zoezi halijaisha, na ubaki na neno lako.

Kijana wa miaka 14 na kuendelea: sheria ziwe chache, zisizidi zile unazoweza kuzisimamia, na nyingine mkubaliane. Akitaka kuacha somo ambalo wewe hupendi aliache, mpe nafasi ya kutoa hoja, naye asikie ya kwako. Kijana aliyepewa sauti kwenye mambo madogo huleta nyumbani yale makubwa.

Wazazi wawili wasiokubaliana, mmoja mkali na mwingine laini: msifanye mtoto kuwa mahakama. Kubalianeni sheria tatu au nne mkiwa peke yenu, na mbele ya mtoto msipingane kwenye hizo. Laini akifuta adhabu kwa siri, mkali huzidisha ukali, na mtoto hujua mlango wa kupitia.

Mzazi ambaye amekuwa mkali na anataka kubadilika aanze na jambo moja: siku ya matokeo mabaya, salamu, chakula na kulala viende kama siku nyingine zote. Matokeo yazungumzwe, sheria iwekwe, lakini mapenzi yasipungue hata kidogo kwa siku hiyo. Mtoto hataamini mara moja. Atapima, huenda akaleta hata ripoti mbaya zaidi au akasema jambo alilokuwa amelificha miezi mingi, aone utafanya nini. Ukibaki palepale, ataanza kusema.

Na zipo dalili zinazoonyesha kwamba mambo yamevuka kiwango cha kubadilisha malezi tu: tumbo linalouma kila asubuhi ya mtihani, usingizi uliokatika, chakula kinachorudi kama kilivyopakuliwa, kuacha marafiki na michezo aliyoipenda, alama za kujikata mikononi, au maneno kama "bora nisingezaliwa" na "mngepumzika nisingekuwepo". Usiyachukue maneno hayo kuwa visingizio vya mtoto anayekwepa kitabu. Kaa naye, muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru, usimwache peke yake, na umpeleke kwa daktari au mshauri wa saikolojia siku hiyohiyo. Mtihani utarudiwa.